Mwongozo kamili: kuunda na kuendesha bodi ya kampuni ndogo ya kusimamia mitaji ya watu, hapa hapa Dodoma

Nimekaa kwenye kiti cha katibu wa bodi miaka kadhaa sasa, kampuni mbili tofauti, zote ndogo, zote za kusimamia hela za watu binafsi, na kila baada ya muda kuna mtu ananipigia "kaka, tunafungua kampuni ya uwekezaji hapa Dom, bodi tunaiundaje?" Nimechoka kurudia kwenye simu kwahiyo naandika yote hapa. Ni ndefu, vuta kiti.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Siongelei saccos wala vikoba wala benki. Naongelea kampuni binafsi ambayo mteja anakuja na hela yake, mfano mzee kastaafu wizarani mafao yameingia, au mama ana ghala la mahindi Kibaigwa, au familia iliyouza shamba upande wa Mtumba serikali ilipohamia wakajikuta na milioni mia tatu ambazo hawajawahi kuziona maisha yao yote, anakwambia nisaidieni hii hela isipotee. Nyie mnamshauri au mnamuwekezea: hati fungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba), hisa za DSE (soko la hisa la Dar), vipande vya mifuko ya pamoja, amana za muda maalum benki, mara moja moja nyumba ya kupangisha. Hela si yenu. Hapo ndipo tofauti yote inapoanzia, maana duka likifa aliyefilisika ni mwenye duka, ila kampuni ya namna hii ikifa anayefilisika ni mzee wa watu wa Area C ambaye hana miaka ya kuanza upya. Kwahiyo bodi ina kazi moja kubwa, kuhakikisha hakuna mtu mmoja, hata mwanzilishi mwenyewe, anayeweza kuigusa hela ya mteja bila mtu mwingine kuona. Zingine ni nyongeza.

HATUA YA 1: Soma leseni yako kabla hujatafuta majina

Shughuli hizi ziko chini ya CMSA, yaani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kwa sheria ya 1994. Kumshauri mtu awekeze ni leseni yake, kumsimamia mtu fedha zake ni leseni nyingine, na kununua na kuuza hisa kwa niaba ya watu ni nyingine tena ya madalali wa soko. Sasa watu wanakata leseni ya ushauri alafu miezi sita baadae wanapokea hela za wateja kwenye akaunti ya kampuni, na bodi imekaa pale inakunywa chai. Mkurugenzi ambaye hajawahi kuiona leseni ya kampuni yake ni abiria tu. Mimi siku hizi naiweka nakala ya leseni ukurasa wa kwanza kabisa wa kabrasha (yale makaratasi ya kikao), kila kikao, hata kama wanalalamika ni kupoteza karatasi.

Ukishajua mnaruhusiwa kufanya nini, andika karatasi moja, usizidishe, ya mambo ambayo menejimenti haiwezi kuyaamua bila bodi. Yetu ilikuwa na haya: kufungua au kufunga akaunti yoyote ya benki, kubadilisha waweka saini, kubadilisha benki inayotunza dhamana za wateja, kubadilisha ada, kuingia kwenye aina mpya ya uwekezaji, kukopa, kuajiri au kumuondoa mkurugenzi mtendaji, na kumpokea mteja yeyote mwenye wadhifa serikalini (hilo nalirudia mbele, kwa Dodoma ni kubwa kuliko mnavyodhani).

HATUA YA 2: Watu

Sheria ya makampuni ya 2002 inataka wakurugenzi wasipungue wawili. Wawili hawatoshi kwa kazi hii, watano ndo saizi nzuri kwa kampuni changa, wakifika saba mnaanza kutafutana kwenye simu na akidi (idadi inayohalalisha kikao) haitimii.

Kosa kubwa hapa mjini ni kutafuta jina. Mtu anasema tumuweke mzee fulani, alikuwa kigogo, akiwepo wateja watakuja wenyewe. Kweli watakuja. Lakini mzee mwenyewe hajui hati fungani inafanyaje kazi, hasomi kabrasha, kikao anakuja saa nzima baada ya kuanza na kuondoka kabla ya mengineyo, na siku mambo yakiharibika ni sura yake ndo iliyowaleta wale watu. Nimewahi kushuhudia mzee wa namna hiyo analia ofisini kwa sababu wastaafu wenzie wanamfuata nyumbani. Na hakuiba hata shilingi.

Kwa watano nafanya hivi. Mmoja ni mwanzilishi au mtendaji, huyo yupo tu huwezi kumkwepa. Wa pili mhasibu mwenye usajili wa NBAA (bodi ya wahasibu) ambaye ameshawahi kukagua mahesabu ya taasisi ya fedha, sio mhasibu wa kufunga hesabu za TRA tu. Wa tatu mtu wa masoko ya mitaji, aliyewahi kukaa dawati la hazina la benki au kwa dalali wa hisa, na kama Dodoma hayupo mchukue Dar, toka treni ya SGR ifike huku 2024 hiyo safari si kisingizio tena. Wa nne mwanasheria, hasa anayejua mirathi, utaona kwanini. Wa tano mtu anayewajua wateja wenu wanavyoishi, na hapa sitanii, mjumbe bora niliyewahi kufanya nae kazi alikuwa mama mstaafu wa ualimu kutoka Kondoa, hajui fomula hata moja ila akisomewa bidhaa mpya anauliza "mtu akiugua ghafla hela hii anaipata siku ngapi?" alafu chumba kizima kinakuwa kimya.

Katika hao, angalau wawili wawe huru kweli kweli. Huru maana yake hana hisa kubwa, hajaajiriwa hapo, si shemeji wa mwanzilishi, hawauzii nyie kitu, hawadai, hamumdai. Shemeji ndo ugonjwa wetu. Mtu anakwambia "huyu ni huru, tumesoma nae tu UDOM" kumbe kamsimamia harusi.

Kabla ya kumkubali mtu mkae nae ana kwa ana, mumuulize ana biashara gani zingine, anadaiwa na nani, amewahi kukaa bodi gani na aliondokaje. Hilo la mwisho lisikilizwe vizuri. CMSA nao wanaangalia kama wanaoongoza kampuni ni watu wanaofaa, kwahiyo ukimficha mtu mwenye kesi unajichelewesha mwenyewe.

HATUA YA 3: Makaratasi (hapa fupi)

Majina yanaingizwa BRELA (wasajili wa makampuni) kwenye mfumo wao wa mtandaoni, kila mmoja na namba ya NIDA na TIN yake, mnalipa kwa kontrol namba, mnasubiri. Jazeni na taarifa za wamiliki manufaa, yaani binadamu halisi wanaofaidika na kampuni, sio kuandika jina la kampuni nyingine alafu basi. Soma memati (katiba ya kampuni) yenu muone zinasemaje kuhusu akidi, kura ya mwenyekiti ya kuamua kura zikifungana, na kikao kwa njia ya mtandao, maana memati nyingi zimekopiwa stationery na hazilingani na mnachotaka kufanya. Kila mjumbe apewe barua ya uteuzi yenye muda, miaka mitatu inatosha, posho, vikao vingapi, na nini kitamuondoa.

Posho: iwe ya kutosha mtu asome kabrasha, isiwe kubwa kiasi kwamba anaogopa kuipoteza. Anayeogopa kuipoteza hatamkatalia bosi.

HATUA YA 4: Mwenyekiti asiwe mtendaji

Hii wazungu waliiandika kwenye ripoti ya Cadbury kule Uingereza mwaka 1992, kwamba mtu mmoja asishike madaraka yote mawili, na sisi tulishaijua bila ripoti, mafahali wawili hawakai zizi moja ila fahali mmoja peke yake nae anavunja zizi. Mwanzilishi atanuna. Atasema kampuni ni yangu, nimeianza kwenye chumba kimoja Nkuhungu nina laptop tu. Mwambie ni kweli, kampuni ni yako, hela zilizomo si zako. Mwenyekiti mzuri ni yule mwanzilishi anamuheshimu kidogo na kumuogopa kidogo.

HATUA YA 5: Tenganisha hela. Kama utasoma hatua moja tu soma hii

Hela na dhamana za wateja zisikae kwenye akaunti ya kampuni. Ziwe kwa mtunzaji wa dhamana, kastodiani, ambaye kwa kawaida ni benki yenye huo mpango, kwa majina yanayoonyesha wazi kuwa ni za wateja. Kampuni inatoa maelekezo ya kununua na kuuza, benki ndo inashika.

Mnamkumbuka Bernard Madoff wa New York. Desemba 2008 akakamatwa, 2009 akafungwa miaka 150, na moja ya sababu aliweza kudanganya miaka yote ile ni kwamba dhamana za wateja alikuwa "anazitunza" yeye mwenyewe na taarifa za salio anachapa mwenyewe. Biashara alizowaandikia watu hazikuwepo. Mkaguzi wake alikuwa ofisi ndogo sana kulinganisha na mabilioni aliyosema anayo. Bodi yoyote yenye akili ingeuliza swali moja tu, hizi hisa ziko wapi, tumpigie anayezishika. Hapa kwetu tuliiona DECI 2009, ule mchezo wa upatu, watu walipanda mbegu wakisubiri kuvuna, sio kampuni ya uwekezaji ile wala haikuwa na leseni, lakini wateja wenu wengi wana kovu lake au la mama zao, na wana haki ya kuuliza.

Sasa kwa vitendo fanyeni hivi. Taarifa ya kastodiani ya kila mwezi itumwe na benki moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi (kamati ndogo ya wajumbe wa bodi), kwenye barua pepe yake, isipitie kwa mtendaji wala kwa mhasibu wa kampuni. Nasisitiza isipitie. PDF inahaririwa dakika tano. Kila robo mwaka yule mwenyekiti wa kamati achague wateja kumi bila kumwambia mtu, achukue taarifa ambayo kampuni imewatumia wateja hao, aiweke pembeni ya taarifa ya benki, alinganishe mstari kwa mstari. Mara ya kwanza tulipofanya tukakuta wateja wawili hawalingani. Haikuwa wizi, kijana wa ofisini aliandika riba ya nusu mwaka mara mbili, ila mteja mmoja alikuwa ameshaahidi ada ya mtoto kwa hela ambayo haipo. Tulimfidia mteja, kampuni ikapata hasara, na mtendaji aliniambia tungenyamaza tu riba ijayo ingeziba. Hiyo sentensi niliiingiza kwenye muhtasari kama ilivyo.

Na kwenye benki, malipo yoyote ya hela za wateja saini mbili, na mmoja wapo asiwe chini ya mtendaji.

HATUA YA 6: Sera ya uwekezaji, mteja kwa mteja

Bodi haichagui hisa. Bodi inaweka mipaka na kuangalia kama inafuatwa. Mfano mzee wa miaka 68 ana milioni 80. Afisa wenu anamuwekea milioni 50 kwenye hati fungani ya miaka 25, kuponi, yaani riba yake, tuseme asilimia 12, ni milioni 6 kwa mwaka, milioni 3 kila miezi sita, mzee anafurahi. Hesabu iko sawa. Ila mzee akihitaji upasuaji mwakani ile hati inabidi iuzwe sokoni, na kama riba zimepanda basi bei yake imeshuka, na mnunuzi nae anaweza asipatikane wiki hiyo. Kwahiyo sera iseme, mteja wa zaidi ya umri fulani abaki na matumizi ya mwaka mzima kwenye kitu kinachotoka ndani ya siku chache. Alafu bodi iombe namba moja kila kikao: wateja wangapi wako nje ya sera, na kwanini. Namba hiyo ikiwa sifuri vikao vitatu mfululizo mimi naanza kuhisi mtu hapimi.

Kuna swali lingine ambalo bodi nyingi hazipendi kuliuliza. Siku hizi mtu ananunua vipande vya UTT AMIS (mifuko ya pamoja ya uwekezaji) mwenyewe kwa simu akiwa amekaa Nyerere Square, na hati fungani za serikali anaweza kuanza na milioni moja kupitia benki yake. Sasa nyie mnamkata asilimia 1.5 kwa mwaka kwa lipi? Kwa milioni 200 hiyo ni milioni 3 kila mwaka, riba ipande ishuke. Jibu linaweza kuwepo, mnampangia, mnamkumbusha, mnamzuia asifanye ujinga, mnakaa na familia yake, lakini bodi ilisikie likisemwa na liandikwe. Kama jibu ni "wateja hawajui" basi hiyo sio biashara ya kuikalia kiti.

HATUA YA 7: Mgongano wa maslahi, au niseme viwanja

Dodoma hii hii kila mtu ana kiwanja cha kuuza. Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, yaani ukikaa baa dakika kumi umeshapewa ofa. Wafanyakazi wenu na wajumbe wenu pia wanavyo. Kisa kilichonifundisha: kampuni moja (siitaji) ilianza kuwashauri wateja wanunue viwanja eneo moja, bei nzuri, hati inakuja, na kwa bahati tu mjumbe mmoja akatambua jina la muuzaji ni mdogo wake mtendaji. Hakuna aliyetangaza. Viwanja vilikuwa vya kweli lakini bei ilikuwa juu na wateja wakagoma kuamini kitu kingine chochote tulichowaambia, hata cha kweli.

Daftari la maslahi liwepo, kila mjumbe anajaza akiingia na anahuisha kila Januari: hisa zake, viwanja, mikopo, ndugu wanaofanya biashara na kampuni. Kila kikao kabla ya ajenda yoyote mwenyekiti anauliza nani ana maslahi kwenye jambo la leo. Mwenye nayo anasema na anatoka nje ya chumba. Sio ananyamaza, sio anakaa pembeni anachezea simu, anatoka, na muhtasari unaandika ametoka saa ngapi na karudi saa ngapi.

HATUA YA 8: Wateja wenye vyeo

Huu ni mji wa serikali, nusu ya watakaokuja wana wadhifa au ndugu mwenye wadhifa. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya 2006 inawataka nyie mjue mteja ni nani na hela imetoka wapi, na kwa watu wa nafasi hizo mnachimba zaidi ya kawaida. Afisa wa kaunta hawezi kumuuliza mkubwa "mheshimiwa hii milioni 400 ni ya nini", anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Ndo maana uamuzi unapandishwa bodi, ili swali litoke juu kwa barua ya heshima na kila mtu apate barua ile ile. Pia viongozi wa umma wanatoa tamko la mali zao Sekretarieti ya Maadili, kwahiyo muandae taarifa zao za mwisho wa mwaka mapema, na mteja akiomba asiandikwe jina lake bali la dereva wake, jibu ni hapana na mnaripoti kwenye kitengo cha kudhibiti fedha haramu, na mteja hamumwambii kuwa mmeripoti. Siri za wateja wengine zilindwe, sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ipo na ina meno.

HATUA YA 9: Vikao vyenyewe

Vinne kwa mwaka, na kamati ya ukaguzi inakaa wiki mbili kabla. Kabrasha litoke siku saba kabla, lisizidi kurasa hamsini, menejimenti inapenda kuwazika watu kwenye karatasi 300 ili wasione ukurasa wa 212. Yatokanayo yasiwe hadithi: jambo, nani, lini, limekwisha au bado. Kitu kikibaki "kinaendelea kushughulikiwa" vikao vitatu, mhusika anaitwa aje aeleze mwenyewe.

Kila kikao wawepo nusu saa wajumbe bila mtendaji chumbani, na mara moja kwa mwaka wakae na mkaguzi wa nje peke yao. Mkaguzi akiwa peke yake anaongea vitu tofauti kabisa.

Wasap si kikao. Grupu la bodi liwepo la kukumbushana muda na kupeana pole, ila uamuzi ukipita kwa vidole gumba na emoji sioni mtu ataujibia mahakamani. Kama kuna haraka itisheni kikao cha dharura kwa mtandao na katibu aandike.

Muhtasari uandike sababu, sio matokeo tu. Na mjumbe akipinga jina lake liandikwe kuwa kapinga. Wenyeviti wengi wanataka "wajumbe wote waliridhia", inapendeza kusoma, ila ninyi wajumbe hiyo ndo ngao yenu msiiachie.

HATUA YA 10: Mteja akifariki

Wanasahau hii na ni lazima itokee, wateja ni wazee. Msiba unaisha, wiki ya pili anakuja kaka mkubwa na muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na watu kumi na mbili kwamba yeye ndo msimamizi. Huo muhtasari ni wa kupeleka mahakamani, hautoshi kulipia hela. Mnasubiri mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Bodi ipitishe mapema utaratibu: akaunti inasimamishwa siku mnapopata taarifa, riba zinaendelea kuingia hazitoki, hakuna mkopo wa mazishi kutoka hela ya marehemu hata kama mke analia mbele yako, na anayeongea na familia ni mtu mmoja tu. Ni vigumu, nakiri, nimewahi kuchangia rambirambi kwa hela yangu kwa sababu nilishindwa kumtazama yule mama. Lakini miezi minne mbele akatokea mke wa pili Manyoni na watoto watatu, kila kitu kimeandikwa vizuri, na mahakama ikagawa kilichokuwepo chote.

HATUA YA 11: Kutoka

Mjumbe akiondoka, kwa hiari au kwa azimio la wanahisa, msiishie kumpa zawadi na kupiga picha. Badilisheni BRELA, waarifuni CMSA, muondoeni kwenye grupu na kwenye barua pepe, alafu siku hiyo hiyo nendeni benki mbadilishe saini, na msirudi ofisini mpaka mmepewa nakala iliyogongwa muhuri. Sisi tulipeleka barua tukaondoka, miezi mitano baadae nikiwa foleni kwa jambo lingine dada wa kaunta akaniuliza, "mzee yule aliyestaafu bodini kwenu hajambo? Saini yake bado ipo humu."